Kwa Lemi, Uliyekataa Malaria Yangu

Koboko

Mpendwa Lemi, mtoto wa dada yangu,

Salamu zako zimefika. Dereva wa lori la tumbaku ndiye aliyezileta. Alisimamisha lori mbele ya kibanda cha kinyozi, akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele kama anayenadi nguo: "Mzee Duku! Mtoto yako iko chini ya gari, anakusalimia!" Watu wakaruka, wengine wakashika vichwa, wakadhani umegongwa. Nikawaambia tulieni, nyinyi watu wa kushtuka bure, kijana wangu yuko chini ya gari kwa sababu ndiyo kazi yake. Anatengeneza malori ya jeshi. Hakuna lori linalotoka kambini pale mpaka yeye aseme litoke.

Hiyo ya mwisho sikuwa na uhakika nayo. Ilinitoka tu. Dereva akasema, "Kweli kabisa, ndiyo iko hivyo." Lemi, mimi nimesema mambo mengi katika kibanda kile kwa miaka mingi, na ilikuwa mara ya kwanza nimetia chumvi, nikakuta chumvi yenyewe ni kweli.

Tangu siku hiyo nakutazama kwa mbali kama mtu anayetazama mlima anaouona kila siku, halafu siku moja anaambiwa kuna mtu ameupanda. Ndiyo maana naandika. Darasa langu la nne lote liko kwenye karatasi hii, usihesabu makosa. Tena barua hii si ya siri. Itasomwa na wengine kabla yako, na sababu utaiona mwishoni.

Unakumbuka mwaka ule wa 1979? Ulikuwa na miaka tisa. Serikali ilikuwa imeanguka, jeshi letu limetawanyika, na Koboko yote ilikuwa inaelekea mpakani, watu, mbuzi, magodoro. Nikakubeba mabegani mpaka ndani ya Zaire. Katika hadithi yangu nilikuwa nimekubeba wewe mabegani, cherehani ya mama yako kichwani, bunduki moja kila mkono, na risasi zinanipita masikioni kama nyuki waliochokozwa. Hata siku moja hukuuliza cherehani ilikaaje kichwani na wewe umekaa papo hapo. Kule uhamishoni, baba yako ameshazikwa na unga umekwisha, ulikuwa unakuja kila jioni: "Mjomba, ile ya cherehani." Na kila jioni risasi ziliongezeka.

Ulikuwa unashika mkono wangu wa kushoto, unapitisha kidole juu ya kovu langu hili refu. "Risasi iliingia wapi, ikatokea wapi?" Nikakuonyesha: "Iliingia hapa, ikapotea njia, ikazunguka, ikatokea hapa." Ulicheka mpaka ukasahau tumbo.

Kisha tukarudi. Mama yako akapata nyumba Awindiri, pale Arua, mimi nikarudi Koboko kwenye muhogo wangu. Na siku moja ukaja, kijana wa miaka kumi na minane, umeendesha baiskeli kutoka Arua mpaka kwangu, shati limeloa mgongoni. Ukasema umeandikishwa jeshini.

Kwetu hapa mtoto wa dada hafanyi safari kubwa kabla mjomba hajampulizia maji ya mdomoni kifuani. Wewe hukuhitaji kuelezwa. Ulisimama mbele yangu ukafungua vifungo vya shati. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukauka tangu nizaliwe, nikakwambia, "Mdomo yangu haina maji kwa jeshi hiyo." Kwa sababu lilikuwa jeshi jipya, la watu wengine, wanaolala kwenye kambi tulizozifagia sisi. Ukangoja. Halafu ukafunga vifungo, kimoja kimoja, ukapanda baiskeli ukaenda. Nilikutazama mpaka ukamalizika barabarani. Sikukuita.

Miaka mitatu ikapita. Ukarudi Awindiri na begi moja na karatasi moja. Karatasi ilikuwa kwa Kiingereza, mwalimu jirani akaisoma: hafai tena kwa kazi ya jeshi, sababu ni akili. Mama yako akaikunja akaiweka chini ya mkeka, kana kwamba mtu akiificha, ugonjwa nao utajificha.

Nilikuja kukuona. Hukuwa mtu wa fujo, ingekuwa afadhali. Ulikuwa unakaa nyuma ya nyumba umeegemeza mgongo ukutani, usimpe mtu nafasi ya kupita nyuma yako. Nikatoa hadithi ya cherehani. Ukaniangalia kwa adabu. Hukuuliza chochote.

Na siku ile ya soko la Inde. Ulikuwa umemsindikiza mama yako, tairi ya lori ikapasuka barabarani, na wewe ukawa chini ya meza ya samaki wakavu. Ulikaa huko muda mrefu. Watu walikusanyika, na yule mama mwenye meza, Mungu amweke, akaendelea kupima samaki juu ya kichwa chako. Akawaambia, "Nunua ama ondoka. Mutu iko anapumzika hapa." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lakini huku Koboko nilieleza kwamba uliwaona majambazi wenye bunduki, ukaruka ukamfunika yule mama kwa mwili wako. Walikusifu sana. Nisamehe.

Wazee wa ukoo walikaa wakasema ugonjwa huu haukutoka mbali, umetoka kwenye mdomo wa mjomba. Alimkatalia maji, mtoto akaenda kifua wazi. Hawakunifokea. Walisema tu, wakaendelea kula. Mimi nikanawa mikono. Toka siku hiyo, Lemi, nilibeba jambo hilo peke yangu, na hakuna aliyelisikia kwa kinyozi.

Ndipo wewe ukasema unataka kurudi.

Tulikuwa tunakunywa chai, mimi, wewe na mama yako. Ukasema polepole, kama mtu anayetaja bei na hataki kuipunguza, "Nataka kurudi jeshini. Iko bodi ya madaktari inakaa Arua Hill. Mutu anaweza kuomba apimwe tena."

Mama yako aliweka kikombe chini. "Ulirudi hapa kama nguo imekamuliwa. Unarudi kutafuta nini?"

"Mama, mimi sikutoka. Nilitolewa. Nikilala naota kwamba bado kuna lori nimeliacha linawaka na mimi ndiye dereva. Nataka niwe yule anayeangalia lori kabla haijatoka."

Akaniangalia mimi, dada yangu, kwa jicho lile la tangu utoto wetu. "Duku, sema kitu." Na mimi niliyebeba deni lile la mdomo, nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikasimama nikasema, "Nitamfundisha mimi. Akitoka mkononi kwangu, bodi itasimama impigie yeye saluti."

Basi nikahamia Awindiri. Kila asubuhi, mama yako akiwasha moto, sisi tulikuwa uani kwenye paredi. Nilikufundisha kusimama, kugeuka, kutembea, na zaidi ya yote ule mguu wetu wa zamani: goti linapanda mpaka kiunoni, linangoja kidogo, halafu kisigino kinashuka mpaka kuku wanahama. Wewe ulikuwa umepita jeshini miaka mitatu. Ulijua wenzako wa sasa wanakanyagaje. Lakini hukunisahihisha hata mara moja. "Ndiyo, mjomba." Dum. "Ndiyo, mjomba." Dum. Mama yako kutoka jikoni: "Duku, wewe na mguu yako! Ukuta yangu inapasuka!"

Siku za kwanza ulifanya kama mtu anayemfurahisha mtoto. Baadaye nikaona unaamka kabla yangu. Nikaona unakula. Siku moja nikapita nyuma ya mgongo wako kwenda kuchota maji, na hukugeuka. Nilisimama na ndoo yangu. Sikukwambia, niliogopa nikisema litaharibika.

Na nilikufundisha jambo jingine. Nilikwambia, "Wakiuliza uliumwa nini, sema malaria. Ilipanda kichwani, imeshuka. Kila mutu anajua malaria, hakuna mutu anaogopa malaria." Ulikaa kimya. Mimi nikadhani umekubali.

Siku ya bodi tulipanda Arua Hill, wewe na shati lililopigwa pasi ya makaa, mimi na koti langu. Waliketi katika nyumba moja ya zamani, yenye veranda pana. Ndani walikuwa watatu: afande mwenye tumbo, daktari wa jeshi, ambaye ni mama mwembamba mwenye miwani, na karani na chai yake. Wenye wagonjwa tuliambiwa tubaki nje. Mimi nikabaki nje, lakini dirishani.

"Piga saluti," afande akasema.

Goti likapanda, likangoja, kisigino kikashuka. Dum! Chai ya karani ikamwagika kwenye makaratasi. Hapo ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimekuingiza mbele ya jeshi jipya na mguu wa jeshi lililopinduliwa.

"Hii mguu umetoa wapi?" afande akauliza.

"Kwa mjomba, afande."

"Mjomba gani?"

"Yule iko dirishani, afande."

Wakaniita. Niliingia nimebana tumbo. Afande akaniuliza kama nilikuwa jeshi la zamani, nikamjibu, "Zamani kabisa. Batalioni nzima ilinijua." Nikaona hajatikisika, nikavuta mkono wa koti nikawaonyesha kovu. "Risasi, afande. Iliingia hapa."

Daktari akaushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akausoma kama gazeti. "Mzee," akasema, bila ubaya, "hii ni uji. Uji ya moto inashika ngozi namna hii."

Karani akakohoa ndani ya kikombe. Wewe ulitazama mbele, kama askari.

"Basi tuambie wewe, mzee. Huyu aliumwa nini?"

"Malaria, daktari," nikasema haraka. "Ilipanda kichwani, ikashuka, ikaisha. Sasa hata mbu wa Awindiri wanamkimbia."

Daktari akavua miwani. Akamgeukia karani. "Leo wameingia wangapi?"

"Kumi na mmoja, daktari, pamoja na huyu."

"Malaria wangapi?"

Karani akapitisha kidole kwenye karatasi zake zilizoloa. "Kumi na mmoja, daktari."

"Hapana," ukasema wewe. "Andika kumi."

Lemi, nywele zangu zilisimama, na unajua nimebakiwa na chache. Ukasema, "Afande, mjomba ananipenda, ndiyo sababu anasema malaria. Haikuwa malaria. Nilikuwa dereva. Lori yetu ilikanyaga bomu, ikawaka. Mimi nilitupwa nje, wenzangu watatu walibaki ndani. Tangu siku hiyo kitu kikipasuka, mimi niko pale tena. Si kukumbuka. Niko pale."

"Na sasa inakuja?" daktari akauliza.

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, sema hapana, mtoto wa dada yangu, neno moja tu, sema hapana tutelemke nyumbani.

"Inakuja. Zamani ilikuja kila siku. Sasa inaweza kukaa mwezi. Ikija naijua. Nakaa chini, nashika udongo, nataja vitu ninavyoviona. Ndoo. Kuku. Moshi wa mama. Nataja mpaka viwe vya leo."

Mimi nimesimulia simba, nimesimulia mamba wa mto Kaya aliyenipa njia kwa heshima. Nilisimama pale na koti langu, nikamwona mtu jasiri kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Na alikuwa hana silaha, ana shati la pasi, na kitu anachokitaka kuliko vyote kiko mezani, na anakisukuma mbali kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu hataki kukipata kwa uongo.

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Leo sikupitishi. Rudi baada ya miezi sita. Kila mwezi uende hospitali, nesi aweke sahihi kwamba umemeza dawa na mmezungumza." Afande akaongeza, "Na hiyo mguu uache kwa mjomba."

Wale kumi wa malaria sikujua walifanywa nini. Wewe ulipewa miezi sita, na ulishuka kilima kama uliyepewa zawadi.

Tukakaa mahali pa chai. Niliona nikinyamaza zaidi nitapasuka. Nikakwambia yote: maji niliyokunyima, maneno ya wazee, jinsi ninavyojua kwamba mimi ndiye niliyekuvunja. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukakoroga chai, ukasema, "Mjomba, hata ugonjwa wangu unataka uwe wako?"

Ukaweka kijiko mezani.

"Kila kitu kizuri ni chako, kila risasi ni yako. Hii niachie. Lilikuwa bomu, mjomba. Mate yako si makubwa hivyo."

Tulicheka mpaka mwenye chai akaja kuangalia. Lakini mimi sikuwa nacheka tu. Mzigo wa miaka ulinitoka kifuani pale, kwa mzaha, kama mtoto wa dada anavyoruhusiwa kumtania mjomba. Kisha nikauliza kuhusu mguu: ulijua wazi haufai, kwa nini uliupiga? Ukasema, "Ulikuwa unachungulia dirishani. Ningekuaibisha vipi?"

Miezi sita ulikwenda kwa nesi, mvua na jua. Mwezi wa tatu ilikuja vibaya, siku mbili hukutoka ndani, na mwezi huo pia ulikwenda, ukamwambia nesi. Bodi ya pili sikwenda. Ulirudi ukasema umekubaliwa: karakana ya malori, na karatasi inasema wazi, bila bunduki.

Na mimi mjinga, baada ya yote hayo, nikaropoka, "Askari bila bunduki? Watu watasema nini?"

Ukaniangalia kwa upole, na mama yako akajifanya anatafuta chumvi. Ukasema, "Mjomba, wewe ulikuwa na mwiko wa uji."

Ulijua. Tangu Zaire ulijua, mama yako alikwambia. Nikauliza kwa nini hukusema miaka yote ile. "Tulikuwa na njaa, mjomba. Hadithi ilishibisha." Halafu ukasema jambo ambalo nikifa nizikwe nalo: "Bunduki zilikuwa uongo, cherehani uongo. Lakini mabega yalikuwa ya kweli. Nilikuwa juu yake."

Ukasimama, ukafungua vifungo vya shati. Kimoja kimoja. Mdomo wangu ulikauka safari hii si kwa ubishi, ulikauka wenyewe, na wewe ukangoja kama ulivyongoja ile siku ya baiskeli. Mama yako akanishikisha kikombe cha maji. Nikajaza mdomo nikakupulizia kifuani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuzidisha, nikakulowesha mpaka kwenye suruali. "Sasa nimeoga," ukasema. Ukaenda ukiwa umeloa.

Sasa nakwambia kwa nini barua hii si ya siri. Siku ya soko kinyozi ataisoma kwa sauti, mbele ya wale wote waliosikia habari za risasi zangu, kisha dereva wa tumbaku atakuletea. Watacheka. Wacheke, wana haki, wamenivumilia sana. Lakini wapo miongoni mwao wenye watoto waliorudi na karatasi zilizokunjwa chini ya mikeka, na nyumbani wanasema malaria. Najua, kwa sababu wote wanakuja kuniuliza dawa ya malaria inayopanda kichwani. Nataka wasikie ulivyosema Arua Hill, neno kwa neno, na nisingeweza kuwasomea neno lako la kweli nikabaki na kovu langu la uongo.

Mama yako hajambo, ukuta wake umepasuka kweli, anasema ni mimi. Asubuhi bado napiga mguu mara moja, kuku wamezoea.

Ukiwa huko chini ya malori, kitu kikipasuka, shika udongo, taja vitu vyako. Taja spana, taja tairi, taja mafuta. Na vikiisha, nitaje na mimi. Niko Koboko, niko hai, ni wa leo.

Mjomba wako, ndugu wa mama yako,
Duku,
mpishi wa jeshi